Nyongeza ya Bi Kijakazi

Siku Isidori alipoikata kaunta ya duka lake kwa msumeno, mtaa ulisimama kutazama. Mbao ilikuwa mninga, ngumu kweli, na jasho lilimtoka hadi shati la kaki likamganda mgongoni. Watu wa Msimbazi hawana haya na jambo la mtu: wengine walivuta viti vyao barazani wakakaa kama wamekuja ngomani.

"Isidori, umechoka na biashara?" mmoja aliuliza.

"Anachonga kitanda huyo! Mkewe kamwambia cha kamba kinamuumiza mbavu."

"Mtaona," Isidori alijibu, akaendelea kukata.

Wazo lenyewe alilitoa Nairobi, alikokuwa dereva wa Mzungu mmoja. Huko aliona duka ambalo mnunuzi hasimami mbele ya muuzaji kuomba. Anashika kapu, anapita katikati ya rafu, anachagua kwa mkono wake, analipa mlangoni, anaondoka. Isidori aliliona kwa nje, kupitia kioo, maana watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kuingia isipokuwa kubeba kapu la bibi wa nyumba. Alirudi Dar es Salaam na kioo kile machoni. Aliapa kwamba Kariakoo patakuwa na duka la namna ile, na Mwafrika ataingia kwa miguu yake ashike anachokitaka.

Uani, mkewe Severa alikuwa ameketi kwenye mkeka akifunga sukari. Alipima ratili, akakunja karatasi, akapaka uji wa ngano, akabandika. Aliyemsaidia alikuwa Bi Kijakazi, mke wa Mzee Abbasi, mpangaji wa chumba cha tatu katika nyumba hiyohiyo ya Bi Sitara, ambako duka lilikuwa chumba cha mbele. Mtoto Candida alilala kwenye paja la Bi Kijakazi, ambaye ndiye aliyempokea duniani kwa mikono yake, na ndiye aliyemfundisha mama yake kukuna nazi, kupika mchuzi wa papa na kujibu salamu za pwani bila kuona haya. Severa alikuwa ametoka Kilimanjaro na sanduku moja na rozari. Katika mji huu hakuwa na shangazi wala dada. Alikuwa na mume aliyeshinda dukani, na alikuwa na Bi Kijakazi.

"Sasa Mama Candida," Bi Kijakazi alisema huku akilamba kidole kilichoganda uji, "kaunta mmeikata. Na nyongeza atanipa nani?"

Swali halikuwa la mzaha tupu. Kariakoo nzima, ukinunua sukari muuzaji anakupimia, halafu anachota kidogo juu yake: nyongeza. Ukinunua mafuta ya taa unapata kiberiti. Ukinunua unga na mchele kwa pamoja unakatiwa kipande cha sabuni. Hukiombi, wala hushukuru sana. Muuzaji asiyetoa nyongeza ni muuzaji asiyekujua.

"Muulize Baba Candida," Severa alisema.

"Nimuulize ya nini? Si duka la kujichukulia? Basi nitajichukulia na nyongeza yangu."

Severa alicheka mpaka machozi, na Bi Kijakazi akacheka, na mtoto akaamka kwa kelele zao. Hakuna aliyesema usichukue.

Wiki za mwanzo zilikuwa sherehe. Wanawake waliingia kwa woga, mikono imefichwa ndani ya mabuibui, wakapita katikati ya rafu kama wanapita chumbani kwa watu. Halafu mmoja akashika pakiti ya majani ya chai akainusa. Hakuna aliyemkemea. Akacheka, akamwita mwenzake. Baada ya hapo ikawa vurugu tamu: huyu anatikisa pakiti ya sukari sikioni, yule anapima uzito wa sabuni kwa viganja viwili. Siti, mwanamke wa nyumba ya pili, mwenye mdomo usiopumzika, alitangaza hadi sokoni kwamba kwa Isidori huombi kitu, unajitawala. Isidori aliketi kwenye meza yake karibu na mlango, akipokea fedha, na furaha ilimjaa hadi akawa anakosea chenji.

Kisha rafu zikaanza kupungua kuliko fedha zilivyoongezeka.

"Tunaibiwa," alimwambia Severa asubuhi moja kabla ya kufungua.

"Si wizi, Baba Candida. Ni nyongeza. Wamezoea kupewa, sasa hakuna wa kuwapa."

"Nyongeza inatolewa, haichukuliwi! Nani kawapa? Mimi sijampa mtu."

"Basi waambie. Sema leo mlangoni, nyongeza hakuna. Watasikia."

"Niwaambie wanawake wazima wasiibe?" Isidori alitikisa kichwa. Si kwamba hakuelewa. Alielewa, ila alikuwa amekwisha kuliona duka lake limefilisika na watu walewale waliovuta viti siku ile wakimcheka, na hofu hiyo ilimfanya kiziwi. "Kuanzia leo utakaa wewe mlangoni. Anayetoka, umwangalie ana nini chini ya buibui."

"Nitamwangaliaje?"

"Ainue."

"Yesu na Maria! Hawa ni watu tunaokaa nao, tunachota nao maji bomba moja!"

"Kwa hiyo? Mimi Nairobi nilipekuliwa mifuko kila siku na sikufa."

Severa alitaka kusema kwamba hakufa lakini mpaka leo analisimulia jambo hilo.  Alichukua kigoda akaenda kukaa mlangoni.

Siku hiyo ilikuwa ya kuamkia Ramadhani, na kila nyumba ilikuwa inatafuta sukari, tende na unga. Duka lilijaa hadi barazani. Severa aliwaachia wengi wapite kwa kuwagusa bega tu, akijifanya ameangalia. Siti alipofika aliinua buibui mwenyewe kwa kebehi, akazunguka mara moja. "Haya, umeona kiuno changu? Kamwambie mumeo bado kipo!" Watu wakacheka, hata Severa akapata pumzi.

Nyuma yake akaja Bi Kijakazi. Alikuwa amelipia sukari na unga, akavipakata kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika kipande cha sabuni, wazi kabisa, kila mtu akikiona.

"Na hiyo sabuni?" Isidori aliuliza kutoka mezani.

"Hii? Nyongeza yangu hii."

"Hapa hakuna nyongeza, Bi Kijakazi."

"Tangu lini, mwanangu?" Bado alikuwa anatabasamu. Alimgeukia Severa. "Mama Candida, mwambie. Si nilikueleza siku ile?"

Severa alitazama sakafu. Neno lilikuwa dogo, lingetosha kusema ndiyo. Mumewe alikuwa anamtazama, na foleni nzima ilikuwa inamtazama, na ulimi ukamlala mdomoni.

"Severa, mwangalie na ndani," Isidori alisema.

"Bi Kijakazi, samahani. Inua kidogo tu."

Tabasamu likaisha. Bi Kijakazi alirudi nyuma hatua moja, akalikamata buibui lake kwa mkono uleule wenye sabuni. Aliinama karibu na sikio la Severa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo usiniinue. Nakuomba. Jioni nitakuja chumbani kwako nikueleze."

"Anasema nini?" Isidori alisimama. "Kama hana kitu, anaogopa nini?"

"Nakuomba, Mama Candida."

"Severa! Foleni inangoja!"

Severa alipeleka mkono, akashika pindo la buibui, akalivuta juu.

Bi Kijakazi hakuwa na kanga. Alikuwa amejifunga mifuko miwili ya unga wa ngano, ile ya kitambaa, imeshonwa pamoja kwa uzi mweusi na kukazwa kifuani kwa kipande cha kamba. Picha nyekundu ya jogoo ya kampuni ya unga ilikuwa juu ya tumbo lake, na chini ya jogoo mapaja yalikuwa wazi. Tangu Mzee Abbasi avunjwe mguu na shehena bandarini, Bi Kijakazi alikuwa ameuza kanga zake jozi baada ya jozi, hadi ya mwisho, na buibui ndilo lililobaki kumhifadhi. Mifuko ile Severa aliitambua. Ilitoka dukani humu. Alimpa mwenyewe, akamwambia itamfaa kupigia deki.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mwanamume mmoja barazani aliyeanza akakatiza. Bi Kijakazi aliushusha mkono wa Severa taratibu, kama anayemwondolea mtoto kisu. Aliweka sabuni mezani. Aliweka sukari, akaweka unga. Fedha aliyokuwa amelipa hakuidai. Akatoka.

"Mimi nilijuaje?" Isidori alisema.

Uani palibadilika tangu jioni hiyo. Nyumba ya Bi Sitara ilikuwa na uani mmoja, bomba moja na choo kimoja, na wanawake walizoea kupanga majiko yao karibu karibu wakipika wakisengenyana. Sasa majiko yote yalihamia upande wa pili. Severa alipika peke yake karibu na ukuta. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Alipofika bombani walimpisha, wakanyamaza hadi ndoo yake ijae, na alipogeuka mazungumzo yakaanza tena. Bi Kijakazi hakuonekana kabisa. Mlango wa chumba cha tatu ulifungwa, na aliyetoka kuchota maji alikuwa Mzee Abbasi, mkono mmoja ndoo, mwingine fimbo, akimwaga nusu njiani.

Siku ya pili ya mfungo, mzee huyo alijikokota hadi dukani. Isidori alisimama haraka.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Abbasi hakuitikia marahaba. "Isidori, mke wangu kaiba nini?"

"Sikusema kaiba, mzee wangu."

"Ulisema nini basi?"

"Nilisema aangaliwe. Kama wengine wote."

"Haya. Mmemwangalia." Mzee aliegemea fimbo. "Aliniambia kanga zake ziko kwa dobi. Kila siku kwa dobi. Alikuwa akivaa nikiwa nimegeukia ukutani, nikadhani ni haya za uzee. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikujua, Isidori. Mke wangu anavaa magunia, nami nimeketi nangoja futari! Wewe ndiye uliyenionyesha. Umenionyesha pamoja na Kariakoo nzima."

"Chukua sukari, mzee. Chukua unga. Chukua chochote unachotaka, sitaki hata senti."

"Nichukue niende nayo wapi?" Mzee Abbasi aliuliza, na lilikuwa swali la kweli, maana alingoja kidogo kabla ya kugeuka. Severa, aliyekuwa nyuma ya rafu na Candida mgongoni, alimwona akitafuta kizingiti kwa fimbo. Alitaka kumshika mkono. Akaogopa.

Wanawake walikuja Ijumaa, baada ya sala. Isidori alipowaona wanavuka barabara kwa pamoja alifikiri mambo yamepoa, akavuta droo ya chenji. Hawakushika kapu. Walipanga mstari mbele ya meza yake, na wa kwanza akaweka kiberiti.

"Unalipia?" Isidori aliuliza.

"Narudisha. Nilichukua wiki ile."

Wa pili aliweka vipande viwili vya sabuni. Wa tatu alileta sukari kwenye kikombe, akaimwaga juu ya gazeti taratibu isipotee hata punje. Waliofuata walileta chumvi, majani ya chai, ndimu. Siti, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alifika na mche mzima wa sabuni, akauweka bila neno, kisha akatoa kiberiti kingine kwenye ncha ya kanga.

"Na hiki ulinipa mwaka juzi, siku alipozaliwa Candida. Ulimpa kila aliyeingia. Kile chenyewe nilikwisha kukiwasha, nimenunua kingine."

"Lakini hicho nilikupa mimi!" Isidori alisimama. "Siti, hicho nilikupa kwa moyo wangu!"

"Najua," Siti alisema. "Ndiyo maana nakirudisha."

Akapita. Na wengine wakaendelea kuja, wakirudisha hata vya zamani, vya wakati wa kaunta, alivyowapa mwenyewe kwa kuchota na kuwatania. Meza ikajaa, vitu vikaanza kuanguka sakafuni. Isidori, mwanamume mzima, alilia pale mbele yao, na hiyo nayo haikumpunguzia kitu. Bi Sitara mwenye nyumba alikuwa wa mwisho. Hakuwa na cha kurudisha.

"Kodi hujanikosesha hata mwezi mmoja," alisema. "Sina ubaya nawe. Lakini watu waliponiuliza kwa nini nawapa chumba Wachaga nisiowajua, mimi ndiye niliyesema hawa watoto wazuri. Mwezi ukiisha, mnitolee vyombo vyenu."

Severa alingoja uani pawe patupu. Alifungua sanduku lake, akatoa jozi ya kanga mpya, ile aliyoiweka kwa ajili ya safari ya kwao Krismasi. Akabisha hodi chumba cha tatu. Akabisha tena, akasikia, "Pita."

Bi Kijakazi aliketi kitandani, amejifunika shuka la mumewe mabegani. Alikuwa amekonda uso. Severa alipiga magoti, kama wanavyopiga magoti kanisani, akaweka kanga miguuni pake.

"Nimekuletea hii."

Bi Kijakazi aliitazama. Ilikuwa nzuri, na alikuwa mwanamke anayependa kanga. Aliigusa kwa kidole kimoja. "Nikiivaa, kila atakayeniona atajua nimepewa na nani na kwa nini. Nikiiuza, nimeiuza aibu yangu. Unataka niifanyeje, Mama Candida?"

"Sijui. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Kweli?"

"Kweli. Mwezi huu sifungi na kinyongo."

"Basi rudi uani. Wakikuona wewe unazungumza nami, na wao watazungumza. Sina mtu mwingine, unajua sina mtu. Candida anakulilia."

Nje mtu alifungua bomba, akalifunga.

"Hilo siliwezi," Bi Kijakazi alisema. "Ningekwambia naliweza ningekuwa nakudanganya. Mtu akikuona uchi kwa bahati mbaya anafumba macho, mnasahau. Wewe nilikuomba. Mara mbili nilikuomba. Kila nikiuona mkono wako ukikuna nazi, nitauona ukivuta." Aliikunja kanga vizuri, akairudisha mikononi mwa Severa. "Mlee mtoto. Ana kifua, usimwache kwenye upepo."

Severa alitoka na kanga yake. Kabla mwezi haujaandama, Mzee Abbasi na mkewe walikwisha kuhamia kwa ndugu yao Kigamboni, na hakuna aliyemwambia waliondoka saa ngapi.

Isidori hakufa njaa, wala duka halikufa. Hilo ndilo jambo la ajabu katika hadithi hii, na ukipenda ndilo baya kuliko yote. Alipata pa kupanga Magomeni, nyumba mpya, mtaa wa watu waliohamia juzi, na mwaka wa pili akafungua jingine Ilala. Baadaye yakawa mengi, na leo watu wanaingia na kutoka humo na makapu yao bila kumjua. Lakini Magomeni ndiyo iliyomfundisha kwamba mpango wake unawezekana, na siku ya kufungua alivaa suti.

"Kaa mlangoni," alimwambia mkewe.

"Sitamwinua mtu, Baba Candida. Uniue, sitamwinua."

"Nani kakwambia uinue? Kaa tu. Wakikuona inatosha."

Severa akaketi. Alikuwa amejiapiza usiku na mchana. Kila atakayetoka atamwangalia usoni, amsalimu, amuulize mtoto wake anaitwa nani, na katika wanawake wote wa Magomeni hatakosa mmoja wa kuzoeana naye. Akasuka nywele, akavaa ile kanga mpya. Duka likajaa. Wa kwanza kumaliza kulipa alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye uso wa ucheshi, na Severa akasimama kabisa kutoka kwenye kigoda.

"Karibu tena, mama yangu. Habari za nyumbani?"

Yule mama hakuitikia. Aliweka kapu chini. Alishika pindo la buibui lake kwa mikono miwili, akalipandisha hadi kiunoni, na uso akaugeuzia barabarani.

"Sikukwambia uinue, mama," Severa alisema.

"Si ndiye wewe wa Msimbazi? Angalia upesi, nimeacha chungu motoni."

Nyuma yake foleni ilikuwa imepangika sawasawa, na wanawake walikuwa wamekwisha kuinama, kila mmoja akitafuta pindo lake. Isidori aliinua uso kutoka kwenye droo, akaona hakuna anayebishana, hakuna anayepiga kelele, mlango unapitika.

"Unaona?" alisema kwa furaha. "Hawa wameelewa. Haya, mwingine apite."